Shefu wa Banki na Karani Wake



Mwezi huu napenda kuzungumza nanyi habari ya filme moja ya zamani. Najua wengine mtacheka na kusema, "Kumbe Pasta naye ameingia mambo ya sinema?" Ngojeni kwanza. Mkiisha kusoma mpaka mwisho, mtaniambia kama nimepoteza saa yenu bure.

Ilianza hivi. Siku chache mbele ya Noeli, vijana wa korali waliniomba jioni moja ya kuangalia filme katika sale ya kanisa. Wao walitaka filme ya bunduki na motokari zinazopinduka. Mimi niliwaletea filme ya Waingereza iliyotengenezwa katika mwaka 1961, isiyo na rangi, na karibu habari yote inapita ndani ya nyumba moja tu. Kijana mmoja alisema kwa sauti: "Ah Pasta, hii haina hata na rangi! Tutalala usingizi." Nikamjibu, "Ukilala, nitakuamsha."

Hakulala. Hakuna aliyelala. Na mimi mwenyewe usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu nitakayowaambia mbele.

Jina la filme hii kwa Kiingereza ni Cash on Demand. Maana yake ni feza zinazotolewa palepale zinapoombwa.

HABARI YENYEWE

Tuko Uingereza, katika mji mdogo unaoitwa Haversham. Ni tarehe 23 Desemba. Inje kuna baridi kali na teluji. Filme inaanza ndani ya banki wakati haijafunguliwa. Hakuna mtu. Tunaonyeshwa meza, viti, milango, na kile chumba cha chuma ambamo feza zinalindwa. Kisha wafanyakazi wanaingia mmoja mmoja, wanavua makoti, wanasalimiana, wanazungumza habari ya sikukuu yao ya Noeli. Wanafurahi kidogo.

Kisha shefu anafika, na furaha inaisha.

Huyu shefu anaitwa Fordyce. Si mwizi. Si mlevi. Ni mtu wa kufuata saa, safi, suti yake haina hata vumbi. Lakini moyo wake ni baridi kuliko ile teluji ya inje. Anaangalia kalamu za kuandikia kama ni safi. Hasalimu mtu kwa kicheko. Sikukuu ya wafanyakazi yeye haimhusu. Kwake mtu ni kama mashine ya kuhesabu: ikikosea, inatupwa.

Karani mkubwa wa banki anaitwa Pearson. Huyu ni mzee wa kazi, mpole, wenzake wanampenda. Asubuhi ile Fordyce anamwita ndani ya biro, anafunga mlango, na anamkaripia kwa ajili ya kosa dogo la hesabu lililokwisha kutengenezwa. Feza zenyewe hazikupotea. Lakini Fordyce hataki kusikia. Anamtisha kwamba atampoteza kazi, tena kwa namna ambayo banki nyingine haitampokea. Pearson anatoka mle uso umeanguka. Noeli iko mlangoni, naye hajui kama atakuwa na kazi.

Ninyi mnaoishi katika miji ya migodi, mnaijua ile sura. Mmeiona kwa baba akirudi nyumbani jioni, akikaa bila kusema, na mama akiuliza, "Baba, kuko nini ku kazi?" na baba akijibu, "Hapana kitu."

Sasa mgeni anaingia. Ni mtu mrefu, koti zuri, sauti ya kirafiki. Anajiita Kolonele Gore Hepburn. Anasema ametumwa na kampani ya asiransi kuangalia kama banki inalindwa vizuri. Anasalimu makarani wote vizuri, anacheka nao. Wote wanampenda mara moja. Fordyce naye anamkaribisha katika biro yake kwa heshima yote, maana Fordyce ni mtu wa kuheshimu cheo.

Mlango ukiisha kufungwa, telefone inalia. Fordyce anapokea. Ni sauti ya bibi yake, mwenye hofu kubwa. Kisha Kolonele anakaa vizuri kwenye kiti na anamweleza mambo kwa upole, kama mtu anayeeleza bei ya viazi. Bibi yako na mtoto wako wako mikononi mwa wenzangu. Usipofanya kila jambo ninalokuambia, watateswa kwa umeme. Ukipiga kelele, watateswa. Ukiita polisi, watateswa. Mimi na wewe tutaingia pamoja katika chumba cha chuma, tutajaza valizi, nami nitatoka kwa mlango mkubwa kama mtu wa heshima. Feza anazotaka ni pauni 93.000.

Basi kuanzia hapo saa ya ukutani inakuwa kama mtu katika ile filme. Hakuna bunduki inayolia. Hakuna damu. Ni watu wawili tu: mmoja anacheka, mwingine anatoka jasho. Yule Fordyce aliyekuwa akitetemesha watu asubuhi, sasa yeye ndiye anayetetemeka. Mikono inakataa. Anapigwa kofi ndani ya biro yake mwenyewe. Na wafanyakazi wako upande mwingine wa mlango, wanafanya kazi yao, hawajui kitu.

MWIZI ANAYEHUBIRI

Hapa kuna jambo lililotushangaza sisi wote mle ndani ya sale. Yule mwizi anamsema Fordyce juu ya tabia yake! Anamwonyesha kwamba namna anavyotendea wafanyakazi wake ni mbaya, kwamba Noeli iko karibu na yeye hana neno moja jema kwa mtu. Na mambo anayosema ni ya kweli.

Kijana mmoja aliuliza, "Pasta, sasa huyu mwizi iko mutu muzuri ao mubaya?" Swali zuri. Nami nawarudishia ninyi wasomaji. Mwizi anaweza kusema neno la kweli, na neno likabaki kweli, na yeye akabaki mwizi. Usimpende mtu kwa sababu maneno yake ni matamu. Tena usikatae neno la kweli kwa sababu limetoka katika kinywa kibaya.

Tazameni vilevile namna Fordyce alivyodanganywa. Aliamini koti. Aliamini cheo cha Kolonele. Aliamini sauti katika telefone. Huyo mtu wa kuangalia mpaka ncha ya kalamu, kwa jambo kubwa namna ile hakuangalia.

Wazazi, sauti ya telefone inadanganya hata leo. Mama mmoja wa kanisa letu alipigiwa na mtu asiyemjua: "Mama, mtoto wako amepata aksida ku karière, tuko naye hapitali, tuma feza sasa hivi ya dawa." Nyuma kulikuwa na sauti ya mtu anayelia. Mama alituma feza zote alizokuwa nazo kwa telefone. Kisha akapiga kelele, jirani wakakusanyika, na mtoto mwenyewe akatokea mlangoni, mkononi ana mkate. Hakuna aksida. Zile feza zilikwenda. Hila ya mwaka 1961 na hila ya leo ni ndugu: wanakutia hofu upesi ili usipate nafasi ya kuuliza. Kwa hiyo tumekubaliana katika nyumba nyingi za kanisa: kabla ya kutuma hata franga moja, kata telefone, mpigie mtoto mwenyewe, ao mtu aliye karibu naye. Dakika mbili hazimuui mtu.

SAA YA PEARSON

Narudi kwenye habari. Kolonele anaondoka na valizi zake. Fordyce anabaki, amevunjika. Ameagizwa anyamaze, la sivyo jamaa yake itaona taabu.

Lakini Pearson, yule karani mpole, hakuwa mjinga. Yeye alifanya jambo ambalo shefu wake hakufanya: aliuliza. Akajua kwamba yule mgeni hajulikani kule kwenye kampani ya asiransi. Na polisi wanaarifiwa.

Sasa, wapenzi, hapa ndipo filme inaposhika moyo. Fordyce anaona kwamba polisi wakimfuata Kolonele, bibi yake na mtoto wake watakufa. Hana wa kumsaidia ila mtu mmoja, na mtu huyo ni Pearson, aliyemtisha asubuhi. Fordyce anamwomba. Anaomba kama mtoto. Anamwomba Pearson na makarani wote wamsaidie kuficha neno lile, hata kama kwa kufanya hivyo wao wenyewe wanaweza kupoteza kazi.

Nilisimamisha filme pale. Vijana walipiga kelele, "Pasta, acha iendelee!" Niliwauliza: "Ninyi mngekuwa Pearson, mngefanya nini?"

Mngesikia majibu! Mmoja akasema, "Mimi ningemuacha, aone na yeye." Mwingine: "Bibi na mutoto hawana kosa." Binti mmoja, ambaye baba yake alifukuzwa kazi miaka mingi iliyopita kwa ajili ya kosa lisilo lake, hakusema kitu, aliangalia chini. Mwingine akasema, "Ningemwambia kwanza aandike ile barua ya kunifukuza, aipasue mbele yangu, kisha nimsaidie." Watu walicheka. Lakini ndivyo tulivyo. Sisi sote tunataka barua ipasuliwe kwanza.

Pearson hakuomba barua. Alimwona mtu ambaye bibi yake na mtoto wake wako katika hatari, basi. Akakubali. Na wenzake wakakubali pamoja naye.

Mwisho nitausema upesi. Polisi wanafika, na Kolonele amekwisha kukamatwa. Kwanza wanamwangalia Fordyce vibaya, wanafikiri labda walikula njama pamoja. Kisha ukweli unatoka: bibi na mtoto hawakutekwa hata dakika moja. Walikuwa nyumbani salama. Ile sauti ilikuwa hila tu. Fordyce alifungua chumba cha chuma kwa hofu ya jambo lisilokuwako.

Lakini jambo moja lilikuwako kweli: wema wa Pearson. Mambo yote mengine ya siku ile yalikuwa uongo, ila hilo. Na Fordyce anawaangalia watu wake kama mtu anayewaona mara ya kwanza.

Wengi wameifananisha habari hii na kitabu cha Charles Dickens cha mwaka 1843, habari ya Scrooge, tajiri mchoyo aliyegeuzwa moyo usiku wa Noeli. Ni kweli zinafanana. Ila kwa Scrooge walikuja mizimu, na kwa Fordyce alikuja mwizi.

FILME NDOGO, KAZI KUBWA

Vijana wanapenda kujua filme inatengenezwa namna gani, na hapa kuna somo lingine.

Zamani kule Uingereza, mtu akilipa tiketi ya sinema alionyeshwa filme mbili. Moja ilikuwa kubwa, yenye waigizaji wa sifa. Nyingine ilikuwa ndogo, fupi, ya bei ya chini, ya kujaza saa. Nyingi za hizo ndogo zilikuwa habari za wezi, wauaji na wapelelezi wa polisi.

Zilitoka wapi nyingi namna ile? Katika miaka ya 1920, filme za Marekani zilikuwa zimejaza sinema zote za Uingereza. Basi serikali ilitunga sheria katika mwaka 1927, kulazimisha wenye sinema kuonyesha sehemu fulani ya filme za Uingereza. Ilianza na 5 kwa mia, ikaongezwa mpaka 20 kwa mia katika mwaka 1936. Kampani nyingi zikatengeneza filme upesi upesi na kwa feza kidogo, ili tu kutimiza sheria. Nyingi zilikuwa ovyo. Lakini katika kazi ile watu wengi walijifunza ufundi: kuangaza taa, kukata filme, kushika kamera, kuigiza bila kupoteza saa.

Baada ya vita ya pili ya dunia watu walijaa katika sinema. Mwaka 1946 Waingereza walinunua tiketi zaidi ya milioni 1.600. Kisha televizyo iliingia nyumbani, na kufika mwaka 1960 tiketi zilikuwa zimeshuka karibu na milioni 500. Katikati ya miaka ile ya 1960 zile filme ndogo zilianza kwisha.

Katika mji wa London kulikuwa na nyumba ya kutengeneza filme inayoitwa Merton Park. Hiyo ilitoa filme ndogo nyingi za polisi. Kati ya mwaka 1960 na 1965 ilitoa zaidi ya 40 kutokana na hadithi za mwandishi Edgar Wallace. Jina hili linatugusa sisi Wakongo. Katika mwaka 1907, Wallace alipokuwa mwandishi wa magazeti, alifika katika nchi yetu kuandika habari ya mateso ya watu chini ya Mfalme Leopold II, mateso yaleyale ambayo wamisionari wa Kiprotestanti, kama John Harris na bibi yake Alice, walikuwa wakiyatangaza kwa midomo na kwa picha. Kisha Wallace akaandika hadithi nyingi sana, na akafa Marekani katika mwaka 1932, akifanya kazi ya filme ya King Kong.

Filme yetu ya Cash on Demand haikutengenezwa Merton Park. Ilitengenezwa na kampani ya Hammer, iliyoanzishwa mwaka 1934. Kuanzia mwaka 1951 kampani hii ilifanya kazi katika nyumba kubwa ya zamani kando ya mto Thames, mahali panapoitwa Bray. Hammer ilijulikana dunia nzima kwa filme za kutisha, Frankenstein mwaka 1957 na Dracula mwaka 1958. Hizo mimi siwashauri watoto waziangalie usiku.

Filme hii iligharimu kama pauni 37.000 tu. Hesabuni wenyewe: feza anazoiba Kolonele katika hadithi zinapita mara mbili na nusu feza zilizotumiwa kutengeneza filme yote! Mwongozaji alikuwa Quentin Lawrence. Habari ilitoka katika mchezo wa televizyo ulioandikwa na Jacques Gillies. Kwa kuwa feza zilikuwa kidogo, karibu yote ilichezwa ndani ya ile banki, na kazi yote iliwekwa juu ya nyuso za watu.

Na nyuso zilikuwa nzuri! Fordyce alichezwa na Peter Cushing, aliyezaliwa mwaka 1913 na kufa mwaka 1994. Wazee wetu wa sinema wanamkumbuka katika zile filme za Dracula. Ninyi vijana mmemwona katika Star Wars ya kwanza, mwaka 1977, yule mkubwa mwembamba wa jeshi la uovu. Kolonele alichezwa na André Morell, na Pearson alichezwa na Richard Vernon. Jambo la kuchekesha: miaka miwili mbele, katika mwaka 1959, Cushing na Morell walikuwa marafiki katika filme nyingine. Cushing alikuwa mpelelezi Sherlock Holmes, na Morell alikuwa Dokta Watson, msaidizi wake. Sasa yule msaidizi amekuwa mwizi, na mpelelezi amekuwa wa kuibiwa.

Filme ilionyeshwa Marekani mwezi wa Desemba 1961. Kwao Uingereza ilikawia mpaka mwaka 1963, tena ikiwa imekatwa kuwa fupi. Huku kwetu, katika mwaka ule wa 1961, wazee wetu walikuwa katika shida ya Katanga kujitenga, na hakuna aliyewaza banki ya Haversham. Leo watu wanaojua sinema wanaihesabu kati ya filme ndogo bora kabisa za Uingereza. Ilitengenezwa ya kujaza saa, na imeishi kuliko nyingi zilizokuwa kubwa. Kijana unayefanya kazi ndogo, ya kufagia atelie ao ya kuandika majina ya watu mlangoni, weka neno hili moyoni.

SABABU YA KUKOSA USINGIZI

Sasa niwaambie kwa nini mimi mwenyewe sikulala.

Wakati tulipokuwa tukijenga ukuta wa kanisa, kijana mmoja ndiye aliyeshika depo. Siku moja nilihesabu mifuko ya simenti, nikaona minne imepungua. Sikumwita pembeni. Sikuuliza mara mbili. Nilisimama mbele ya mkutano wa wajenzi, mama wa jikoni wako pale, watoto wako pale, nikasema: "Kuna mwizi kati yetu, na funguo anazo mtu mmoja tu." Kila mtu aligeuka kumwangalia.

Baada ya juma moja nilikuta karatasi katika Biblia yangu, maandiko ya mkono wangu mwenyewe: mifuko minne nimeazima kwa mzee wa kanisa la jirani. Nilimwita yule kijana ndani ya biro, mlango umefungwa, nikamwambia, "Ndugu, nilikosa." Akasema, "Haizuru, Pasta." Nikafikiri neno limekwisha. Lakini hakurudi tena katika korali. Jumapili alikaa nyuma, kisha akaacha kuja.

Usiku ule wa filme nilikuwa nimewauliza vijana, "Mngekuwa Pearson mngefanya nini?" Kumbe hakuna aliyeniuliza mimi, "Na wewe, uliyekuwa Fordyce?" Niliwahi kuhubiri mara nyingi habari ya mtumwa aliyesamehewa deni kubwa, akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Nilikuwa nikiwaonyesha wengine kwa kidole.

Asubuhi nilikwenda kwake kwa miguu. Nilimkuta akitengeneza velo. Nikakaa kwenye jiwe. Nikamwambia habari yote tena. Alinyamaza, kisha akanijibu maneno haya: "Pasta, mi nilikusamehea tangu zamani. Lakini kosa ulinisemea mbele ya batu bote, na pole ulinipa mwenye mlango ya kufunga. Watoto ba kartie bangali banasema mimi mwizi."

Nilisikia haya kubwa. Kwa kweli sikuwa nimewaza hilo. Nilimchafua kwa sauti kubwa na nikamsafisha kwa kunong'ona.

Jumapili iliyofuata, mbele ya mahubiri, nilisimama mbele ya kanisa lote nikasoma ile karatasi yangu ya mifuko minne, nikataja kosa langu, nikaomba msamaha kwake mbele ya watu walewale. Nilisikia kikohozi kimoja tu, kisha mama mmoja mzee akaanza kupiga makofi polepole. Yeye hakuwako siku ile. Lakini mama yake alikuwako, na nadhani alimpelekea habari. Kwa korali hajarudi bado. Ananisalimu njiani. Mimi nangoja.

Wakubwa wa kazi, mashefu wa ekipi, wazee wa kanisa, baba katika nyumba zenu: mkimkaripia mtu, mwiteni pembeni. Mkikosea mbele ya watu, tengenezeni mbele ya watu. Msingoje mwizi mwenye koti zuri aje kuwafundisha neno hili.

Nanyi akina Pearson, mnaosemwa vibaya mbele ya Noeli na mnaendelea kufanya kazi yenu vizuri: tunawaona. Labda siku moja shefu wenu atakuja kwenu na jasho usoni. Siku ile mtajua mnachochukua moyoni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ungekuwa Pearson, ungeweka sharti gani mbele ya kumsaidia Fordyce? Au hungeweka?

2. Yule mwizi alisema maneno ya kweli juu ya tabia ya Fordyce. Umewahi kukataa neno la kweli kwa sababu hukumpenda aliyelisema?

3. Katika nyumba yenu mmekubaliana nini ikiwa mtu asiyejulikana atapiga telefone na kuomba feza kwa haraka?

4. Kuna mtu uliyemchafua mbele ya wengine na kumwomba pole kwa siri? Ni nani walikuwako siku ile?

Swali la nne, baba na mama, lijibuni ninyi kwanza. Watoto watawasikiliza.

Mbaki na amani.